Waya wa Kijani

Waya ulikuwa umekatwa.

Fundi aliutazama kwa muda mrefu, mswaki bado mdomoni. Jioni iliyopita aliulehemu mwenyewe, waya mfupi wa kijani, urefu wa kidole, unaotoka kwenye ubao wa saketi na kushika bati la kasha. Kabla ya kulala aliuvuta kwa kibano kuhakikisha umeshika, na ulikuwa umeshika kweli. Sasa ulikuwa vipande viwili, na ncha zake ziling'aa shaba mpya.

Waya ukichoka hukatika vibaya, nyuzi zake zikatawanyika kama ufagio wa zamani. Huu ulikatwa mara moja, safi, na kwenye mkato palibaki kijino kidogo. Kijino hicho fundi alikijua. Koleo lake la kukatia lilikuwa na pengo tangu siku alipolilazimisha kukata msumari, na kila waya uliopita kwenye meno yake ulitoka na alama hiyo hiyo.

Alijiambia ni panya. Mtu mzima, miaka ishirini kwenye kazi, akajiambia ni panya, akaenda kusukutua mdomo.

Kitu chenyewe kilikuwa pedali ya gitaa la besi. Mpigaji anaikanyaga kwa mguu, na sauti iliyokuwa laini inaanza kukoroma kama mzee aliyeshiba. Za dukani ni kubwa kama tofali na zina vitufe ambavyo hata muuzaji hajui kazi yake. Aliyeagiza hii alitaka ndogo, isizidi kipande cha sabuni ya kufulia, iingie mfuko wa pembeni wa begi la gitaa.

"Baba mdogo, nataka sauti ya baba," alikuwa amemwambia. "Ile ya kwenye kaseti. Lakini iwe ndogo, mgongo wangu si wa punda."

Huyo ni binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na tisa. Bendi nzima ilimwita Nyuzi Nne, kwa sababu alishika besi la marehemu baba yake akiwa na miaka kumi na minne na hakuliachia tena. Jumamosi ile angepanda jukwaani kwa mara ya kwanza mbele ya watu waliokata tiketi. Fundi angeweza kumkatalia mtu yeyote, si yeye.

Alichora saketi mara saba. Besi ina visa vyake: ukiikoromesha yote inapoteza tumbo, inabaki kelele ya nyuki ndani ya kopo. Kwa hiyo aligawa njia mbili. Moja inapita safi bila kuguswa, nyingine inapita kwenye transista na diodi mpaka ichafuke, kisha zinakutana mwishoni, na kitufe kimoja kinaamua safi iwe kiasi gani na chafu kiasi gani. Kapasita alizilaza ubavu ili kifuniko kifunge. Betri ilichukua nusu ya nyumba kama mgeni asiye na haya. Na ule waya wa kijani ulikuwa wa kulifanya bati lote liwe ngao, maana bila huo pedali huokota kila mngurumo wa umeme uliopo jirani.

Asubuhi hiyo aliulehemu upya. Alichomeka gitaa bovu analotumia kwa majaribio, akaunga spika ndogo ya mezani, akakanyaga.

Sauti ilitoka nzito na tamu, yenye mikwaruzo pembeni na tumbo lote katikati. Fundi alitabasamu. Ilikuwa sauti ya kaka yake hasa, na alijisikia fahari kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili. Kisha aliziachia nyuzi, sauti ikafifia, na chini yake kikabaki kitu.

Ulikuwa mngurumo wa chinichini. Alizungusha kitufe mpaka njia chafu ikafungwa kabisa. Mngurumo haukupungua. Ulikuwa unatoka kwenye njia safi, ambayo haina chochote ndani yake cha kunguruma. Alichomoa betri. Alikaa nayo kiganjani, ya moto kidogo, na pedali ikaendelea kunguruma bila chakula chochote.

Ndipo ikaja harufu. Karakana ya fundi hunuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na vumbi lililoungua, pua yake ilishazoea. Hii ilikuwa harufu ya nguo mbichi chini ya pasi ya moto.

Alichukua koleo, bila kujua anataka kulifanyia nini, na meno yake yalipoukaribia waya wa kijani mngurumo ulishuka. Aliyasogeza zaidi, ukashuka zaidi, kama mtu anayenyamaza ili asikilize. Fundi alilitupa koleo mezani. Mngurumo ukapanda tena, na safari hii ulikuwa na umbo, ulipanda na kushuka kama maneno yanayosemwa nyuma ya ukuta, na alijua ni maneno gani.

Hapa lazima nieleze habari za kaka yake, ingawa mwenyewe asingependa nizieleze.

Kaka mtu alikuwa mpiga besi aliyependwa kuliko alivyolipwa, na alitumia amplifaya ya zamani, kubwa kama kabati, yenye mngurumo usiokwisha. Miaka mitano nyuma, mchana wa siku ya onyesho, alimjia mdogo wake. "Bwana mdogo, hii mashine inanguruma kuliko mimi ninavyoimba. Nitolee huo mngurumo, saa kumi tunapanda."

Kuna njia ya halali ya kutafuta chanzo cha mngurumo, na inachukua siku nzima. Na kuna njia ya mkato ambayo kila fundi wa vyombo vya muziki anaijua na kila mmoja anakana kuijua. Unafungua plagi, unakata waya wa ardhi, ule wa kijani, na mngurumo unakufa papo hapo. Waya huo una kazi moja tu: umeme ukivuja ndani ya mashine, unaubeba na kuupeleka ardhini badala ya kumpitia mtu. Siku ambayo hakuna kilichovuja haufanyi lolote, ndiyo maana watu wanaudharau. Fundi aliukata kwa koleo lile lile, akaifunga plagi, akarudi kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza.

Saa kumi na robo kaka yake alikuwa amepiga nyimbo mbili. Akasogea kwenye maikrofoni huku mkono wa kushoto umeshika nyuzi, akitabasamu. "Mnasikia ukimya huo?" aliwauliza watu. "Ni kazi ya mdogo wangu." Midomo yake ikagusa chuma cha maikrofoni. Hakusema neno jingine duniani.

Baada ya mazishi wenye bendi walimletea fundi ile amplifaya aikague. Nani mwingine wangempelekea? Aliiingiza ndani, akafunga mlango, akaunga waya, akakaa saa nzima akitazama ukuta, kisha akatoka na kusema mashine haina tatizo lolote.

Watu wanataka sababu, na sababu haikukosekana. Mke wa marehemu alikuwa amelifua shati lake la jukwaani asubuhi ile, na kwa vile mume alikuwa na haraka, alilipiga pasi likiwa bado na unyevu. Shati bichi na umeme, watu wakasema, unategemea nini? Walisema mbele yake. Fundi alikuwepo, amekaa kiti cha pili kutoka mlangoni na kikombe mkononi. Alimwona shemeji yake akilipokea neno lile na kulibeba, na yeye akapuliza chai yake ipoe.

Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga ukikaa miaka mitano unazaa.

Jioni ya siku hiyo pedali iliponguruma, alilifungia koleo kwenye droo na ufunguo akauweka ndani ya soksi aliyoivaa. Alfajiri aliukuta waya umekatwa, kijino kipo, droo imefungwa, ufunguo umo kwenye soksi. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba soksi ilikuwa mguu wa kushoto, na yeye alikuwa na uhakika aliivaa mguu wa kulia. Au hakuwa na uhakika. Kucha zake zilikuwa na vumbi la shaba, lakini kucha zake zina vumbi la shaba kila siku ya Mungu.

Alhamisi alikwenda kula kwa shemeji yake, kama alivyofanya kila Alhamisi kwa miaka mitano. Alianza kwenda kwa wajibu, akaendelea kwa aibu, na siku hizi hakujua tena kwa nini anakwenda, ila alijua asipokwenda ataulizwa.

Shemeji alikuwa akianua nguo. Kila nguo aliigusisha shavuni kwanza, akainusa, akaigusisha tena. Fulana moja iliyokauka kama karatasi aliirudisha kambani.

"Mama, hiyo ina siku tatu pale," alisema Nyuzi Nne.

"Ikae ya nne. Inakudai nini?"

Binti alimgeukia baba yake mdogo akacheka, na fundi akacheka naye, kwa sababu mtu asipocheka hapo anaulizwa ana nini. Chakula kilikuwa kizuri. Hakukisikia ladha.

"Baba mdogo," Nyuzi Nne alisema akimega, "leo mazoezini ile amplifaya ya baba imening'ata."

"Imekung'ata vipi?"

"Kidogo tu. Nilikuwa nimeshika nyuzi, mdomo ukagusa maiki, nikasikia kama sisimizi kwenye meno. Mpiga ngoma anasema ni kawaida."

Kijiko cha shemeji kilisimama hewani. "Ulikuwa umevaa nini?"

"Mama."

"Nimekuuliza ulikuwa umevaa nini! Ilikuwa kavu?"

"Kavu, mama. Kavu kabisa." Msichana alinyoosha mkono akamshika mama yake. "Halafu baba mdogo aliikagua ile mashine. Si uliikagua, baba mdogo?"

"Niliikagua," alisema fundi.

Aliaga kabla ya chai, akakimbia mpaka chumba cha mazoezi, kijumba cha matofali nyuma ya karakana ya magari, na mlinzi alimfungulia kwa sababu kila mtu alimjua. Amplifaya ilisimama pembeni gizani. Alipiga magoti, akaifungua plagi kwa bisibisi, skrubu ikamdondoka mara mbili. Waya wa kijani ulikuwa umekatwa na kijino kilikuwepo, na ndani ya kijumba kile kisicho na dirisha wala jiko wala pasi, harufu ya nguo mbichi inayochomwa ilimjia polepole kutoka kwenye kitambaa cha spika, ikamwingia puani na kooni, na nyuma yake mngurumo ukaanza, chini sana, kutoka kwenye mashine ambayo plagi yake ilikuwa mkononi mwake, ukapanda na kushuka, ukiuliza watu kama wanausikia ukimya huo.

Aliuunga waya. Aliufunga kwa utepe mweusi tabaka tatu, akatoka kinyumenyume. Kwa mlinzi alisema alisahau bisibisi yake.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa mama mshonaji. Mwanamke huyo alikuwa na chumba nyuma ya kinyozi, cherehani moja, na sifa ya kuwatoa watu majini bila kelele wala maonyesho. Fundi alimwekea pedali juu ya meza, katikati ya vitambaa.

"Humu mna jini," alinong'ona.

Mama mshonaji aliishika, akaipima uzito, akainusa, akaiweka sikioni kama simu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko fundi alivyoweza kuvumilia.

"Humu hamna kitu," alisema. "Pedali nzuri. Umeitengeneza mwenyewe?"

"Inanguruma bila betri, mama! Waya wake unakatwa kila siku, mlango umefungwa. Na si huu tu. Kuna mashine nyingine, mtoto wa kaka yangu anaitumia, na yenyewe..." Alishusha sauti, kwa sababu upande wa pili wa ukuta kinyozi alikuwa ameizima mashine yake. "Inataka kumuua."

"Waya unakatwa kwa kitu gani?"

"Kwa koleo langu."

"Na koleo limeshikwa na nani? Jini hana vidole, baba. Ana njaa na ana kumbukumbu, basi. Kazi ya mikono anaazima." Alimrudishia pedali. "Mimi namtoa jini kwa mtu. Kwenye bati sitoi."

Fundi aliipokea kwa mkono mmoja. "Unasema yumo kwangu."

"Nasema tangu uingie umeweka mkono mmoja mfukoni na hujautoa. Sikuulizi umeshika nini. Kuna jambo ulilifanya, mwenyewe wa kuambiwa yupo hai, na hujamwambia. Huyu kakaa juu ya hilo jambo kama kuku juu ya yai. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, lote. Atatoka, wala hutanihitaji."

"Na nisipomwambia?"

"Atalifanya tena mpaka lisemwe." Alirudi kwenye cherehani yake, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Wewe ndiye umemlea, si mimi."

Fundi alitoka na hasira zote za mtu aliyeambiwa ukweli. Tapeli, alijisemea. Barabarani aliutoa mkono mfukoni. Ulikuwa umeshika koleo, na yeye angeapa aliliacha kwenye droo.

Kwa heshima yake niseme kwamba alijaribu. Mchana huo huo alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, akiyapanga maneno njiani: shemeji, si shati, ni mimi. Maneno matano tu, mtoto wa shule ya chekechea angeyamudu. Alimkuta anapiga pasi vazi la jukwaani la binti yake, gauni jeusi, lililokwisha kutoa mvuke na bado analipiga.

"Shemeji, kuna jambo."

"Sema, shemeji." Hakuinua kichwa. "Ngoja kwanza, shika hapa. Unaona lina unyevu? Kwenye pindo. Vidole vyangu siviamini tena."

Alishika pindo. Lilikuwa kavu na la moto. Na uso wa shemeji yake, ulioinuka sasa kusubiri jibu, ulikuwa uso wa mwanamke anayeomba kwa fundi, kwa fundi huyu, ruhusa ya kupumua.

"Ni kavu," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Shemeji, ile siku ya..." Aliiona pasi. "Huu waya wa pasi yako umelegea. Si salama. Lete bisibisi."

Akakaa chini akaitengeneza pasi. Alimaliza, akashukuriwa, akapewa chai, akainywa. Njiani kurudi alijichukia kiasi kwamba alisimama nyuma ya kibanda cha vocha akalia, mkono mdomoni, mtu mwenye mvi.

Alijipa hoja, maana mwoga hakosi hoja. Hakuna haja ya kusema, alijiambia. Kinachotakiwa ni mtoto asife, na mtoto hatakufa kama waya utakuwa mzima. Basi atahakikisha waya ni mzima.

Jumamosi alifika ukumbini saa saba, onyesho saa kumi. Koleo aliliacha nyumbani ndani ya droo, droo akaipigilia misumari. Alifungua plagi ya amplifaya mbele ya mpiga ngoma, makusudi, ili awepo shahidi. Waya ulikuwa mzima. Aliukagua saa nane. Saa tisa na nusu aliukagua tena, akaipima mashine yote kwa mita, akaifunga plagi, akaibandika utepe. Kisha akakaa nyuma ya pazia kwenye kasha la spika kusubiri. Ukumbi ulikuwa unajaa, viti vinakwaruza, mafeni yanazunguka polepole. Hakuwa amelala vizuri wiki nzima. Alifumba macho kidogo tu.

Alipoyafumbua, bendi ilikuwa inapiga.

Nyuzi Nne alisimama katikati na gauni lake jeusi, besi la baba yake begani, mguu mmoja pembeni ya kile kipande cha sabuni cha bati. Alikikanyaga. Sauti ikafunguka, nene, yenye mikwaruzo na tumbo, na watu wa safu za nyuma waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Mzee mmoja alisimama na kushika kichwa. Safu ya kwanza shemeji alikuwa ameweka mikono yote miwili kifuani, machozi yakimtiririka waziwazi, anatabasamu, na fundi aliyeshuka kusimama pembeni ya jukwaa aliwaza kwamba basi, imekwisha, nimeiweza, hakuna aliyeumia na hakuna aliyejua.

Wimbo wa pili ukaisha. Watu wakapiga makofi. Fundi aliingiza mikono mfukoni, kama afanyavyo mtu aliyepumua, na mkono wa kulia ukakutana na chuma baridi.

Alilijua kabla ya kulitoa. Vidole vyake viliona pengo lile kwenye meno. Chini ya koleo kulikuwa na kitu kingine, laini, chembamba, na alikitoa akakitazama kwenye kiganja kilichochubuka kwa kung'oa misumari ya droo: kipande cha waya wa kijani, chenye shaba mpya kila upande, na makofi yalikuwa yanafifia sasa, na harufu ya nguo mbichi ilikuwa imeujaza ukumbi mzima na hakuna aliyekunja pua ila yeye, na mngurumo uliokuwa ukitoka kwenye mashine zote wiki nzima aliusikia sasa pale ulipokuwa siku zote, ndani ya kifua chake, chini ya mbavu, ukipanda na kushuka kwa utulivu wa kitu kilichoshiba, na juu jukwaani Nyuzi Nne, mkono wa kushoto umeshika nyuzi, alikuwa anasogea kwenye maikrofoni huku anatabasamu.

"Sauti hii," alianza, bado hatua moja mbali, "mnajua nani kaniteng..."

"Usiguse!"

Ukumbi mzima uligeuka. Fundi alikuwa ameshapanda jukwaani kwa magoti, mikono mbele. "Usiguse hiyo maiki! Toa mkono kwenye nyuzi! Mtoto wangu, toa mkono!"

Nyuzi Nne aliganda. Midomo yake ilikuwa mbali na chuma kwa upana wa kidole. Polepole aliachia nyuzi, akarudi nyuma, na mpiga ngoma, ambaye hakuwa mjinga, akaruka akaichomoa plagi ukutani. Aliifungua palepale. Aliinua macho.

"Waya wa ardhi umekatwa," alisema. "Lakini si tuliukagua wote!"

Nyuzi Nne alimgeukia fundi. "Baba mdogo," aliuliza kwa sauti ya mtoto mdogo, "umejuaje?"

Hapo angeweza kusema aliuona kwa bahati, au mita ilimwonyesha, na wangeamini, wangembeba begani kwa furaha, na mngurumo ndani ya kifua chake ulishuka, kimya, ukisubiri alichague hilo. Alimwona shemeji yake amesimama safu ya kwanza. Mama wa watu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amenyoosha mkono juu ya jukwaa, ameshika pindo la gauni la binti yake, analiminya, anatafuta unyevu.

"Nimeukata mimi," alisema fundi.

Shemeji aligeuka.

"Leo nimeukata mimi, na sikumbuki. Ule wa kwanza pia niliukata mimi, na huo naukumbuka." Alipanua kiganja ili waone. "Kaka alitaka nitoe mngurumo. Nilikata waya wa ardhi ili nimalize haraka. Nilipoletewa mashine, nikauunga, nikasema haina tatizo. Shemeji, shati halikuwa na kosa. Lingeweza kuwa kavu kama karatasi na angekufa vilevile. Ni mimi. Nilikaa pale wakikusema, na nikanywa chai."

Kitu kilimtoka. Hakukiona, na waliokuwepo hawakuona pia, ingawa mwanamke mmoja wa safu ya tatu alisema baadaye kwamba alihisi joto la pasi likimpita shavuni kuelekea mlangoni. Fundi alijua tu kwamba kifua chake kilikuwa kitupu. Hakukuwa na mngurumo tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano alisikia vitu vilivyo mbali: feni, mtoto aliyekohoa nje, mtu akiburuta kiti.

Alimsubiri shemeji yake alie, au ampige. Angepokea chochote.

Shemeji aliliachia pindo la gauni. Aliikagua mikono yake, upande huu na upande ule, taratibu, kisha akaifuta kwenye kitenge chake kama mtu aliyemaliza kufua. Alimshika binti yake mkono, akamshusha jukwaani ngazi moja moja, akamvisha kandambili zake. Wakafika mbele ya fundi, pale alipopiga magoti ukingoni mwa jukwaa. Tangu aolewe katika nyumba ile alimwita shemeji, kwenye raha na kwenye shida, hata siku alizomkasirikia.

"Ahsante, fundi," alisema, na wakapita.